Ukiwa CRB, Anza na Bei Kabla ya Jina

Kwenye nguzo za umeme za Nairobi, kati ya tangazo la mganga na la vyumba vya kupangisha, siku hizi hukosi karatasi inayouliza: Uko CRB? Yaani, umeandikwa vibaya kwenye kampuni za kumbukumbu za wakopaji (Credit Reference Bureau)? Na jibu lipo papo hapo chini yake: njoo tu, tunaunganisha madeni yako yote, pesa ndani ya saa moja. Kisha nambari ya simu, basi. Hakuna anwani, na riba haitajwi.

Mimi sipingi kuunganisha madeni. Mtu mwenye mikopo mitano inayoiva tarehe tano tofauti akiigeuza kuwa mmoja, anapata angalau usingizi. Ninachopinga ni sababu inayowafanya wengi waliokwama waikimbilie njia hiyo. Waulize shida yao ni nini, watakwambia: jina langu limeharibika. Na kwa kuwa wanaamini shida ni jina, wako tayari kulipa bei yoyote kwa mtu yeyote atakayefumbia macho jina hilo. Wenye karatasi za kwenye nguzo wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Hebu tulitazame hilo jina lenyewe. Kenya ina kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu ya kutunza kumbukumbu za wakopaji: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kumbukumbu hizo zina mazuri na mabaya. Aliyekopa benki akalipa siku ya pili naye yumo humo, ila hakuna anayemsema. Tangu Aprili 2020, deni la chini ya shilingi 1,000 haliruhusiwi kumchafulia mtu rekodi. Mkopeshaji anatakiwa akupe ilani ya siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya. Nawe una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka, haki ambayo watu wachache sana huitumia, kisha wanalipa wakala wa mtaani awaangalizie.

La muhimu zaidi ni hili: ukishalipa, habari mbaya haifutiki kesho yake. Hukaa miaka mitano, ikionyesha kwamba deni lilichelewa kisha likalipwa. Kwa hiyo anayechukua mkopo mkubwa leo ili afute midogo mitano hasafishi jina kama anavyodhani. Mitano itaandikwa imelipwa, historia itabaki, na wa sita utaongezeka. Mwenye kutafuta kazi ya serikali na kudaiwa cheti cha CRB ana haki ya kuhangaikia jina, simlaumu. Wengine tungeanza kwenye bei ya mkopo, yaani riba na ada zake.

Bei ina historia yake. Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019, sheria ilizuia benki kutoza riba iliyozidi asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki ziliona mkopaji mdogo hana faida, zikampa kisogo, na apu za mikopo zikaingia pale pale kwenye pengo. Kikomo kilipoondolewa, benki zikarudi na utaratibu wa kumtoza kila mteja kulingana na hatari yake. Kwenye karatasi ni haki. Kwa aliyekwisha kuteleza, maana yake ni kwamba benki ikimkubali itamtoza zaidi ya jirani yake, na ikimkataa ataangukia kwa asiyeangalia rekodi kabisa, ambaye anajua fika kwamba mteja huyu hana pengine pa kwenda.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu mazungumzo haya huwa ni ya kuoneana huruma tu.

Chukua mtu anayedaiwa shilingi 60,000. M-Shwari, mkopo wa benki kupitia simu, ni 15,000. Apu mbili, jumla 25,000. Shailoki (mkopeshaji binafsi wa riba kali) wa karibu na kazini, 20,000. M-Shwari hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na ukishindwa kulipa inaongezwa nyingine kama hiyo: 1,125. Apu tuseme zinatoza asilimia 15 kwa mwezi: 3,750. Shailoki, tuseme ni mpole, asilimia 20: 4,000. Jumla ni 8,875 kila mwezi, na hapo deni lenyewe halijaguswa hata shilingi. Huyu mtu hajashindwa kulipa. Analipa sana. Anachokosa ni muda, kwa sababu pesa ya siku 30 imefanywa itimize kazi ya miaka miwili.

Sasa anakuja yule wa saa moja, anayekopesha kwa kushikilia hati ya gari au hata ya pikipiki. Anasema atalipa yote 60,000, na wewe utamlipa 4,900 tu kwa mwezi kwa miezi 24. Kutoka 8,875 hadi 4,900! Nani atakataa? Lakini zidisha: 4,900 mara 24 ni 117,600, yaani riba ya 57,600. Ile riba aliyoiita "asilimia nne tu" ni ya kila mwezi, na inahesabiwa juu ya 60,000 ile ile ya mwanzo hata pale unapokuwa umebakiza elfu tano. Malipo ya mwezi yamepungua, deni limekaribia kuwa maradufu, na sasa gari liko rehani. Kabla ya hapo, apu isingekunyang'anya chochote chenye magurudumu.

Hesabu ile ile kwenye SACCO (chama cha akiba na mikopo) inayotoza asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, kiwango ambacho SACCO nyingi za hapa zimekitumia kwa miaka: mwezi wa kwanza unalipa 2,500 ya deni na 600 ya riba, jumla 3,100. Mwezi wa mwisho unalipa 2,525. Riba yote ya miaka miwili ni 7,500. Ni pungufu ya ile 8,875 uliyokuwa ukiilipa kwa mwezi mmoja ili deni libaki palepale.

Hapo ndipo najua nitapingwa. Mtu atasema, SACCO nayo siku hizi inaangalia CRB. Kweli, nyingi zinaangalia. Tofauti ni kwamba SACCO ina kitu kingine cha kuegemea: akiba yako na sahihi za wadhamini. Desturi ni kukopeshwa hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo hiyo 60,000 inadai uwe na 20,000 ndani, uwe umekaa uanachama miezi kadhaa, na upate watu walio tayari kufungiwa akiba zao kwa ajili yako. Rekodi mbaya mbele ya wadhamini watatu wanaokufahamu ni habari inayoweza kuelezwa. Mbele ya kompyuta ya benki haielezeki.

Na nadhani hao wadhamini ndio sababu halisi ya watu kuikwepa SACCO. Walimu, wauguzi, askari, hata makondakta, wengi ni wanachama tayari, na bado wanakopa kwenye simu usiku wa manane. Simu haiulizi pesa ni za nini. Simu haimjui shemeji yako. Mdhamini atauliza, na akikatwa kwa sababu yako mtaonana naye kila asubuhi kwenye chumba cha walimu. Najua shule ambazo mtu akiingia na fomu ya mkopo mkononi wenzake wanatokea mlango wa pili, kwa kuwa walishaumwa. Sitawasuta. Lakini kama ni lazima uchague kati ya aibu ya kumwambia mwenzako ukweli na 57,600 ya riba, nakuomba umwambie mwenzako. Mweleze madeni yote, pamoja na lile la shailoki. Mdhamini anayegundua baadaye kwamba ulimficha moja hatasaini tena, wala hatanyamaza.

Kuna benki pia zinazonunua madeni ya wenye mishahara. Anakuja ofisa na fomu shuleni au hospitalini, anakuambia benki yake italipa deni lako la SACCO na la benki nyingine, makato yashuke, na juu yake upewe nyongeza mkononi. Hiyo nyongeza ndiyo mtego. Ulikuwa umebakiza miaka miwili, sasa una sita, na nyongeza imekwenda kwenye mabati ya nyumba ya kijijini. Sheria ya Ajira inataka makato yasizidi theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo ukishajazwa hadi ukingoni hapo huna pa kupumulia miaka yote sita. Ukikubali kununuliwa, kataa nyongeza. Ofisa atashangaa. Mwache ashangae.

Hazina ya Hustler, mikopo ya serikali ya kwenye simu, haitakutoa hapa, ingawa haikuulizi habari za CRB na riba yake ya asilimia nane kwa mwaka ni ya chini. Ni ya siku 14, na wengi walianza na kiwango cha shilingi 500 au 1,000. Fuliza nayo, ile ya kutumia M-Pesa kupita salio lako, haiunganishiki hata ukitaka. Ukiilipa leo kwa mkopo mpya, kesho iko wazi tena, na kila shilingi inayoingia kwenye simu inamezwa kwanza. Anayeunganisha madeni bila kujitoa Fuliza anachota maji kwa pakacha.

Lakini njia ninayoiamini kuliko zote ni ile isiyohitaji mkopo wowote mpya, nayo ndiyo watu huijaribu mwisho kwa sababu inadai kupiga simu kwa mtu unayemkimbia. Kumbuka Novemba 2022. Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha rekodi za wakopaji wa simu: benki zilizoshiriki zingesamehe angalau nusu ya mikopo ya muda wa siku 30 au pungufu iliyokuwa imekwama hadi mwisho wa Oktoba, na mkopaji amalize iliyobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Watu milioni 4.2 walihusika. Mpango ulikwisha, ila ulitufunulia siri: deni lililolala muda mrefu, mkopeshaji keshalikatia tamaa nusu yake. Anayekwenda kukopa kwa riba kali ili alilipe lote, anamlipa mkopeshaji zaidi ya alichokuwa tayari kupokea.

Kwa deni la benki kuna jambo jingine, na linanishangaza jinsi lisivyosemwa. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakwama, riba inayoweza kudaiwa haiwezi kuzidi kiasi cha deni la msingi lililokuwa limebaki siku ulipokwama. Kama ulikwama ukibakiza 50,000, riba inasimama ikifika 50,000 nyingine, hata ipite miaka kumi. Gharama za kukufuatilia ni kando. Kwa hiyo kabla hujakopa kulipa deni la benki lililolala miaka, omba taarifa ya hesabu yote tangu mwanzo, ukae na kikokotoo. Ukikuta wamevuka, huna sababu ya kuunganisha kiasi ambacho sheria haiwaruhusu kukudai.

Wenye apu nao, tangu kanuni za Machi 2022, hawaruhusiwi kukutisha, kukutukana, wala kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako. Mwenye leseni anajua hivyo. Mpigie, mwambie unaweza kulipa kiasi gani kila mwezi bila kukopa kwingine, uombe riba isimamishwe. Wapo watakaokataa. Wapo watakaokubali siku ya mwisho wa mwezi, wanapohitaji takwimu nzuri za makusanyo.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, hawakusema uanze na lipi. Wengi huanza na lile lililoko CRB, kwa ajili ya jina. Mimi ningeanza na shailoki. Yeye haripoti popote, hawezi kukuchafulia rekodi hata akitaka, na ndiyo maana hubaki mwisho kwenye orodha za watu. Lakini ndiye anayekula 4,000 kwa mwezi juu ya 20,000. Akitoka yeye, hiyo 4,000 inakwenda kwenye apu, na apu zikitoka, M-Shwari haitachukua muda. Kama SACCO itakukubalia 20,000 tu badala ya 60,000, chukua hizo 20,000 ummalizie yeye, mengine uyajadili kwenye simu.

Na kila anayekubali kupunguza, akuandikie: kiasi walichokubali, tarehe, na kwamba baada ya hapo hudaiwi na CRB itaarifiwa. Ujumbe wa WhatsApp wa ofisa wa makusanyo hautoshi, maana huenda mwezi ujao hatakuwepo kazini. Akisema tuma kwanza barua itafuata, mwambie barua itangulie.