Mbeya ni ndefu, haina upana

Mdogo wangu anaishi Mbalizi, cherehani yake iko Mwanjelwa, ndani ya jiji la Mbeya. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yuko kwenye daladala, giza likiingia anarudi. Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 alilala kwake, karani wa sensa akamkuta, akahesabiwa. Matokeo yalipotoka nikamtania: Jiji la Mbeya lina watu 541,603, na wewe si mmoja wao. Hakuamini. Miaka yote anajitambulisha kuwa ni mtu wa Mbeya mjini. Nikamweleza kwamba Mbalizi ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, na kwamba ukimaliza mteremko wa Iwambi jiji umeshaliacha nyuma.

"Kwa hiyo leseni nakata jijini, nalala wilayani?"

Ndiyo hivyo, mdogo wangu.

Namba zenyewe sina ugomvi nazo. Sensa ya 2002 ilitukuta 266,422. Mwaka 2012 tukawa 385,279. Mwaka 2022 tukawa hao 541,603. Maana yake ndani ya miaka ishirini tumezidi mara mbili, na eneo ni lile lile la kilometa za mraba 214 hivi. Gawanya, unapata kama watu 2,500 kwa kila kilometa ya mraba. Mtu wa ofisini akiiona namba hiyo anaona mji uliotulia, una nafasi ya kupumua.

Hapo ndipo ninapobisha. Jiji lina kata 36, na kata hizo hazifanani hata kidogo. Nenda Tembela au Mwasanga uone: viazi, mahindi, ng'ombe amefungwa kamba pembeni ya njia, lumbesa zimepangwa zinasubiri gari. Kule ni jijini kabisa, kwa mujibu wa ramani. Kisha rudi Mabatini au Ruanda, ambako ukuta wa jirani ndio ukuta wako na maji ya kufulia ya mwenzio yanapita mlangoni kwako. Ukichanganya shamba la viazi na Mabatini halafu ukagawanya, unapata mtu wa wastani ambaye haishi popote.

Sababu iko kwenye ardhi. Mji huu ulianza mwaka 1927, wakati watu wakikimbilia dhahabu ya Lupa kule Chunya. Waliouanzisha waliuweka juu, chini ya mlima Loleza, kwenye ubaridi wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Ulikuwa mji mdogo wa ofisi na maduka. Kaskazini safu ya milima ya Mbeya imeuziba, kusini mashariki kuna Uporoto. Baadaye ikaja reli ya TAZARA, ikakamilika miaka ya sabini, ikapita bondeni pamoja na barabara kuu ya kwenda Zambia. Watu wakafuata barabara. Kata yoyote ya zamani ukiiuliza ilikuaje, jibu ni barabara.

Ndiyo maana Mbeya imekuwa kama kamba. Panda gari Uyole saa moja asubuhi. Konda anaita Nane Nane, Sae, Mama John, Kabwe, anaita kwa pumzi moja kama anasoma tenzi. Kabla hamjafika Sae mmeshasimama. Mbele yenu kuna tangi la mafuta la kwenda Kongo, upande wa pili lori la shaba linalotoka huko huko, katikati bajaji tatu zinajipenyeza kwenye nafasi ambayo mimi nisingepitisha baiskeli. Mama mmoja ameshika ndoo ya parachichi mapajani, anamwambia konda kwa upole, "Baba, mimi soko litanikimbia." Konda anamjibu kwamba hata yeye hesabu ya bosi inamkimbia. Barabara ya njia nne inajengwa, na mimi ni wa kwanza kushukuru, ila njia nne kwenye kamba moja bado ni kamba moja. Lori la Tunduma, mgonjwa wa kwenda hospitali ya Rufaa na mwanafunzi wa Iyunga wote watapita hapo hapo.

Na ambao kamba imewashinda wamepanda milimani. Kiwanja cha tambarare bei yake unaijua. Cha mteremkoni kinauzwa kwa maelewano. Aprili 2024, baada ya mvua nyingi, tope la mlima Kawetere liliporomoka Itezi likafunika nyumba na kuingia shuleni. Siku chache baadaye nilipita pale. Kilichobaki akilini mwangu ni bati, bati zima la mgongo mpana, limesimama wima kwenye udongo kama mtu kalichomeka kwa makusudi. Wengi walisema wale watu walijenga pasipofaa. Sawa. Ila niambieni mtu wa kipato chao alipaswa kujenga wapi, kwenye mji uliobanwa na milima pande mbili na barabara katikati.

Mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi iligawa jimbo la Mbeya Mjini, tukapata jimbo la Uyole. Kwa idadi hii ya watu, ilikuwa haki. Lakini kisu kilikata kamba katikati, upande wa Mbalizi hakikugusa kitu. Hata uwanja wa ndege wa Songwe, unaotumiwa na jiji zima tangu 2012, uko nje ya mpaka wa jiji. (Mgeni naye huchanganyikiwa zaidi akisikia kuna mkoa wa Songwe, ulioanzishwa 2016, na uwanja wenyewe haumo.)

Najua hoja ya kumeza Mbalizi ina maneno mengi, kwa sababu mpaka ni mapato na hakuna halmashauri inayotoa mapato yake kwa hiari. Simwombi mtu asogeze mpaka kesho. Ninachotaka ni kwamba kuanzia Uyole hadi Songwe pachorwe kama mji mmoja: daladala, mabomba ya maji, dampo, barabara ya mchepuko ya malori, na viwanja vya bei ya fundi cherehani kabla hajaukwea mlima. Halmashauri mbili zikae meza moja na kitabu cha sensa kilichofunguliwa kwenye ukurasa wa kata, waachane na ule wa jumla.

Juzi mdogo wangu alinipigia saa mbili usiku, bado yuko Nzovwe, gari halisogei. Nikamuuliza, umefika jijini au wilayani? Akakata simu.