Mimba Yake, Mgongo Wangu

Mto wa kwanza sikuulalamikia. Mke wangu alisema ni wa kuweka baina ya magoti, nikampa wangu, mwanamume mzima hashindwi kulalia mkono wake. Wa pili ukaja wa kushikilia tumbo. Wa tatu ukapigwa kigingi nyuma ya mgongo asije akageuka chali, maana kliniki walimwambia kuanzia wiki ya 28 alale kwa ubavu, akilala chali uzito wa tumbo unakandamiza mshipa mkubwa wa damu. Sawa. Lakini kitanda chetu ni cha futi nne. Mimi na mito tukagombania nafasi, mito ikashinda. Sasa niko chini kwenye mkeka, hapa Majengo, Mombasa, ghorofa ya tatu, usiku wa kaskazi, feni imeelekezwa kwa mwenye mimba.

Chanzo cha yote ni cherehani. Mke wangu anashona madera, na Idi ikikaribia wateja hawaulizi mimba ina miezi mingapi, wanauliza dera litakuwa tayari lini. Kutwa yuko pale. Shingo imetangulia mbele kama kobe anayechungulia mvua, mabega yamemwanguka, na tumbo limekaa katikati yake na mashine kama mpangaji asiyelipa kodi, kwa hivyo kila siku mikono inazidi kunyooshwa. Ikigonga alasiri, kichwa! Kinaanzia kisogoni kinapanda mpaka kwenye paji la uso.

Nikapeleka kesi barazani, kwa wazee wa kahawa. Wa kwanza akasema jua. Wa pili akasema jicho, tena la jirani. Wa tatu akanywa kikombe kizima cha kahawa tungu ndipo akasema mtoto ana nywele nyingi. Nikamuuliza nywele za tumboni na kichwa cha mama zinakutana wapi? Akaagiza kikombe cha pili, juu yangu.

Nesi hakutaja nywele. Alimpima presha, akauliza kama anaona vimulimuli machoni, kama uso au mikono imevimba, kama anaumwa hapa chini ya mbavu. Hapana, hapana, hapana. Hapo ndipo akanigeukia mimi, uso umekaza: "Baba, mimba ikishapita wiki 20, kichwa kikali kisichopoa, au kikija na mambo hayo, usingoje asubuhi. Mlete hata saa nane za usiku." Hilo sina mzaha nalo. Tuktuk yangu naiegesha mdomo ukielekea barabarani, na petroli haishuki nusu tangi.

Kichwa hiki chetu, alisema, ni cha shingo na kukaa vibaya. Mimba inaleta homoni za kulegeza viungo, na tumbo linavyovuta mbele kiuno kinajipinda kwa ndani ili mama asianguke. Kwa hivyo cherehani iinuliwe, kiti kiwe na mgongo, kiunoni pawekwe kitu laini, na kila nusu saa ainuke atembee kidogo. Maji anywe kwa wingi. Panadoli kwa kipimo, lakini ibuprofen asiguse mpaka aulize. Kahawa apunguze. (Ameipunguza hata yangu. Eti harufu inamtamanisha.)

Kiti tulikuwa nacho. Kitu laini ndicho hatukuwa nacho, mito yote iko kazini usiku, na mchana inaanikwa. Mke wangu akatazama huku na huku, macho yakatua dirishani, chini, kwenye tuktuk.

Yaani mto wa kiti cha dereva! Wallahi nilikataa. Nilikataa kama dakika tatu hivi.

Sasa naendesha nimekalia ubao wa kreti la embe. Nao wakubwa wa matuta wa mji huu, kila hatua tano wamezika ngamia. Juzi nimebeba bimkubwa kutoka Kongowea na kikapu cha samaki, kila tuta mimi naruka, naguna. Akaniuliza, "Mwanangu, ni wewe unaguna au ni injini?"

Nikirudi, maji. Mfereji una wiki mbili haujatoa tone, na nesi kasema mama asibebe vizito, kwa hivyo mitungi ya lita 20 napanda nayo mimi, mmoja kila mkono. Nikimaliza, mbuzi. Si wa mchuzi, wa kukunia nazi! Kile kibao kimeundwa na mtu aliyeuchukia mgongo wa binadamu. Mwenye mimba hawezi kujikunja pale, na wali bila tui hali. Basi nimekaa nimepanua magoti, nakuna, na mama mkwe, aliyevuka feri kutoka Likoni na chupa ya mafuta ya nazi, amesimama juu yangu. "Usikune mpaka kwenye kifuu, mwanangu, tui litakuwa jeusi."

Jioni anamkanda binti yake mgongo na mabega, taratibu, tumbo haligusi. Mimi nimejinyoosha pale mkekani, nimeshika kiuno. Chupa naiona. Mafuta yamebaki nusu nzima. Lakini utamwambiaje mama mkwe, "Na mimi, mama, hapa kidogo"?

Jana usiku niliguna nikigeuka. Taa ikawashwa.

"Baba, mgongo?"

"Kidogo."

"Lala kwa ubavu. Weka kitu baina ya magoti."

Nikamwambia kitu chenyewe ndicho sina. Kimya. Halafu nikasikia anajizoazoa, anashuka kitandani kwa mkono kwanza kama alivyofundishwa, anakokota kandambili mpaka kwenye cherehani. Kikanidondokea kifuani kitu kizito, kinanuka petroli. Mto wangu wa tuktuk.

"Saa moja asubuhi uwe kwenye kiti," akasema, akazima taa.

Kiti changu au cha cherehani, sikuuliza.