Siku Karai Lilipofaulu Mtihani

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, niliazimia kwamba mradi wangu ungemwumbua muuza chipsi wa jirani na hosteli, ambaye mafuta ya karai lake yalikuwa meusi kiasi kwamba kiazi kikizama humo hukioni tena. Ili nipate cha kulinganishia, nilitoa dirishani mwa jikoni kwetu chupa ya mafuta ya alizeti, maangavu kama asali, iliyokuwa imeota jua pale tangu likizo iliyopita.

Kipimo nilichokichagua huitwa thamani ya peroksidi. Unayeyusha gramu 5 za mafuta katika asidi asetiki na klorofomu, unatia iodidi ya potasiamu, peroksidi zinaifungua iodini, nawe unaidondoshea thayosalfeti kutoka kwenye bureti, ukiwa umeongeza wanga, mpaka rangi ya buluu ifutike. Kadiri udondoshavyo ndivyo mafuta yalivyochacha, na kwa mafuta yaliyosafishwa kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, hakivuki 10.

Mafuta ya karai yalipata 4. Yangu yalipata 23.

Nilirudia mara tatu, nikabadili bureti, nikaushuku wanga, nikamshuku hata mwenzangu wa meza. Hatimaye, kwa uadilifu ambao hadi leo unaniuma, nilimpelekea muuza chipsi majibu yake. Jioni ile kabati lake lilikuwa na maandishi ya chaki: MAFUTA YAMEPIMWA CHUO.

Msimamizi wangu alicheka mpaka akavua miwani. Alinieleza kwamba peroksidi ni zao la mwanzo tu la kuchacha, na kwamba katika karai lenye nyuzi 180 huvunjika upesi na kuacha aldihidi, kemikali za hatua ya baadaye ya kuchacha, ambazo kipimo changu hakizioni hata kidogo. Chupa ya dirishani, isiyowahi kuuonja moto, ilikuwa imezihifadhi peroksidi zake zote kwa uaminifu. Alinituma nipime upya kwa para-anisidini, ambayo hukutana na aldihidi ikatoa rangi ya manjano inayosomwa kwenye nanomita 350. Sampuli ya karai ilikolea kama mchuzi wa binzari, na mashine haikuweza kuisoma mpaka nilipoizimua.

Nilimrudia muuza chipsi kichwa chini, nikamweleza yote hayo kwa kirefu. Alinisikiliza kwa adabu huku akigeuza mishikaki.

"Kwa hiyo, msomi, umepima tena?"

"Ndiyo, kaka, lakini safari hii…"

"Na rangi imetoka manjano, kama mafuta mapya?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshika chaki, akiongeza chini ya yale maandishi: MARA MBILI.