Daktari Aliyeililia Mizinga

Kila Novemba, watu wanapobandika maua mekundu vifuani kuwakumbuka wafu wa vita, jina la John McCrae hutajwa kwa upole: daktari, mshairi aliyeandika juu ya maua hayo katika shairi la "In Flanders Fields" (Katika Mashamba ya Flanders), mtu wa huruma. Nami naliheshimu. Ila nusu ya mtu huyu huachwa nje ya hadithi, na kila nikiifikiria nakosa raha.

McCrae, mzaliwa wa Guelph nchini Kanada, alihitimu udaktari Toronto mwaka 1898. Alikuwa na nafasi ya kujiendeleza katika patholojia, taaluma ya kuchunguza magonjwa, Chuo Kikuu cha McGill, akaiahirisha ili aende Afrika Kusini kwenye Vita vya Makaburu. Huko hakwenda kutibu. Alikwenda kama afisa wa mizinga. Daktari kamili, aliyesomea kuokoa maisha, akawa anawaamuru watu wafyatue makombora.

Vita Kuu ilipoanza 1914 alikuwa na miaka 41, tena mwenye pumu. Akajitolea, tayari kutibu au kupigana. Aliandika kwamba anaogopa, lakini anaogopa zaidi kubaki nyumbani na dhamiri yake. Akapewa umeja na kufanywa daktari wa Brigedi ya Kwanza ya Mizinga ya Kanada.

Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Wajerumani wakaachilia gesi ya klorini. McCrae aliwahudumia majeruhi ndani ya shimo lililochimbwa kwenye ukingo wa mfereji. Alimwandikia mama yake kwamba kwa siku 17, usiku na mchana, hawakuvua nguo, na hata viatu walivivua kwa nadra. Mei 2 kombora likamuua rafiki yake, Luteni Alexis Helmer. Kasisi hakuwapo, hivyo McCrae mwenyewe akaongoza maziko. Shairi lake maarufu lilizaliwa siku hizo.

Tunapenda beti mbili za kwanza: maua katikati ya misalaba, vijana waliokuwa wakipenda na kupendwa juzi tu. Ubeti wa tatu tunaupita haraka. Humo wafu hawaombi amani. Wanawaachia walio hai ugomvi wao na adui wauendeleze. Sikubaliani nao hata kidogo. Hata hivyo nasisitiza usomwe, kila mara, na mbele ya watoto pia. Tukiukata, tunawafundisha kwamba vita hupiganwa na watu wakatili peke yao. Aliyeuandika alikuwa mtu mwema, aliyetoka kufunga vidonda mchana kutwa, na bado alitaka mizinga iendelee kunguruma.

Juni 1915 alihamishiwa hospitali ya jeshi la Kanada, kaskazini mwa Ufaransa. Mwingine angeshukuru. Yeye alinung'unika kuondolewa kwenye mizinga, akakataa vibanda vya maofisa na kulala hemani kama wenzake walioko mstari wa mbele, hadi alipougua na kuamriwa ahamie penye joto. Sidhani mapafu yake yalisahau baridi ile.

Alifariki Januari 28, 1918, kwa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Alikuwa Luteni Kanali, na siku chache kabla alikuwa ameteuliwa daktari mshauri wa Jeshi la Kwanza la Uingereza. Akazikwa Wimereux, Ufaransa. Mbele ya msafara alitembea farasi wake, Bonfire, bila mpandaji, viatu vya bwana wake vimetiwa kinyumenyume kwenye vikuku vya tandiko.