Wimbo wa taifa: baraka tunaomba, kazi tunaikwepa

Huku Marekani mechi haianzi kabla wimbo wa taifa haujaimbwa, hata ikiwa ni ya vijana wa shule. Kwetu Kisumu huusikia shuleni Jumatatu na Ijumaa kwenye bendera, halafu siku za sherehe, kama Siku ya Madaraka ya 2021 pale uwanja wa Mamboleo. Wakenya wengi wa huku husema wenzetu wametupita uzalendo. Naona wametupita mazoea tu, maana wimbo wenyewe wetu ndio unaoimbika.

Shairi lao ni la Francis Scott Key, 1814, likavishwa muziki wa klabu moja ya London. Sheria ya kuufanya wimbo wa taifa ilikuja 1931, miaka 117 baadaye. Sauti zake zinapanda oktavu nzima na nusu: ukianza juu kidogo, ukifika penye maneno ya roketi koo linakwama. Wetu ulitungwa makusudi, 1963, na watu watano: Graham Hyslop, Thomas Kalume, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya na Washington Omondi. (Hao wawili wa mwisho, mtu wa Kakamega au Kisumu hahitaji kuelezwa kuwa ni wa kwetu, magharibi mwa Kenya.) Muziki waliutoa kwa Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa kubembelezea mtoto. Kinachoimbwa na mama aliyechoka, mtoto mgongoni, hakiwezi kumshinda mtu mzima.

Kinachotushinda ni beti. Siku ya Jamhuri ikisherehekewa huku, ubeti wa kwanza ni kishindo, wa pili midomo inachezacheza, wa tatu watu wako kwenye simu. Wamarekani nao wana beti nne na huimba mmoja, sawa. Lakini wetu una mpango: wa kwanza dua, wa pili kuamka na kuilinda nchi, wa tatu kujenga. Ukiishia wa kwanza, umeomba baraka ukaondoka kabla hujapangiwa kazi.

Wewe unayeandaa sherehe, rekodi ya bendi yenye ubeti mmoja itawaacha watu hewani. Teua mwimbishaji, aanze chini. Maneno ya ukutani yaandikwe "natukae" na "natujenge" bila kutenganishwa. "Na" hiyo ni ya kuhimiza, si ya kuunganisha. Na ubeti wa tatu, mstari wa pili, msiimeze ile "ee". Bila hiyo "ee", "ndio wajibu wetu" ina silabi 7, muziki unadai 8 kama "ilete baraka kwetu" ya ubeti wa kwanza. Ikimezwa, nusu ya ukumbi inamaliza mapema, nusu nyingine inaburuta.