Kichocheo rahisi, haidrojeni ghali?

Kutenganisha maji kwa umeme ili kupata haidrojeni si kazi ngeni. Karne nzima iliyopita viwanda viliifanya kwa elektrodi za nikeli zilizozamishwa kwenye alkali. Tatizo liko kwenye mitambo ya utando unaopitisha protoni. Humo ndani mna asidi kali, na upande wa oksijeni karibu kila metali huliwa. Inayostahimili ni iridiamu, na dunia nzima huipata tani 7 au 8 hivi kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini. Ndiyo maana watafiti wanahangaika kutengeneza kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, kwa metali za bei nafuu: nikeli, chuma, kobalti na molibdeni.

Wana haki ya kuhangaika. Tena metali hizi si dhaifu: chuma kidogo tu kikiingia kwenye haidroksidi ya nikeli, hata kama ni uchafu uliokuwemo kwenye alkali, utoaji wa oksijeni hupanda ajabu.

Lakini bei ya metali si bei ya haidrojeni. Kilo 1 hula kilowati-saa 50 na ushei, na umeme ndio mzigo mkubwa wa gharama. Kichocheo rahisi kinachodai volti 0.2 zaidi hukuongezea kilowati-saa 5 kwa kila kilo, saa zote mtambo unapofanya kazi.

Kinachoniuma zaidi ni vipimo. Kichocheo kinasifiwa baada ya kupimwa kwa miliampea 10 kwa sentimita ya mraba, ilhali mitambo ya utando huendeshwa kwa ampea 1 hadi 2. Kuna baya kuliko hilo. Ndani ya asidi, mtafiti anayepima utoaji wa haidrojeni anaweka kichocheo chake cha chuma upande mmoja na waya wa platinamu upande wa pili. Platinamu inayeyuka kidogo kidogo, inasafiri na kuganda juu ya kile kinachopimwa. Matokeo yanazidi kupendeza, kumbe inayofanya kazi ni platinamu! Fimbo ya grafiti ingeondoa shaka hiyo.

Mimi fedha za utafiti ningezielekeza kwenye alkali, ambako nikeli na chuma hudumu, na kwenye utando wa kufanya kazi humo, maana huo bado huchakaa mapema. Na majaribio yawe ya kuwasha na kuzima mara nyingi, kama umeme wa jua unavyokuja na kukatika: mtambo ukizimwa, mkondo hurudi kinyume na kuzila elektrodi zilezile tulizozisifu.