Subvolumu itambulishwe kwa namba gani?

Katika Btrfs, mfumo wa faili wa Linux, kila subvolumu (sehemu yake yenye mti wake wa faili) huhesabu inodi (rekodi za faili na saraka) zake yenyewe, na saraka ya mzizi ya kila moja hupewa namba ileile: 256. Ukiiweka snepshoti (nakala ya subvolumu kama ilivyokuwa wakati fulani) ndani ya subvolumu ilikotoka, unapata 256 tumboni mwa 256. Programu kama find, ya kutafuta faili, hutambua saraka kwa jozi ya namba ya kifaa na namba ya inodi, kwa hiyo ingedhani imerudi ilikoanzia. Ndiyo maana Btrfs huipa kila subvolumu namba ya kifaa ya bandia.

Siwezi kuwabeza waliochagua njia hiyo. Programu zilizoandikwa kabla subvolumu hazijafikiriwa zinaendelea kufanya kazi bila kuguswa. Bila namba hiyo, rsync, programu ya kunakili faili, iliyoambiwa itunze faili zenye majina zaidi ya moja ingeweza kuunganisha faili mbili tofauti, na data ikapotea kimyakimya.

Tatizo ni kwamba namba hiyo haiandikwi kwenye diski. Keneli, yaani kiini cha Linux, huigawa papo hapo, na mashine ikiwashwa upya inaweza kuwa nyingine. Anayeumia ni mtunza nakala. GNU tar, programu ya kufungasha faili, inapochukua yaliyobadilika tu, hukumbuka namba ya kifaa ya kila saraka. Ikikuta namba mpya, huiona saraka nzima kuwa mpya, na nakala ya dakika chache inageuka kazi ya usiku kucha. Lipo chaguo la --no-check-device la kuzuia hilo, lakini lazima mtu awe analijua kabla hajaumia. Kwenye NFS, njia ya kushiriki faili kupitia mtandao, ni balaa zaidi: mteja, yaani mashine inayozisoma, anaweza kuona kifaa kimoja tu, na zile 256 mbili zinagongana upya.

Kitambulisho cha kudumu kipo. Kuna namba ya subvolumu ya biti 64, yenye maana ndani ya mfumo mmoja tu wa faili, na kuna UUID, kitambulisho kisichotarajiwa kujirudia popote, ya biti 128, ambayo send na receive, amri za Btrfs za kuhamisha snepshoti, huitumia kujua snepshoti ipi ni mzazi wa ipi. Hata UUID ina udhaifu wake: nakili diski nzima biti kwa biti kwa amri ya dd, na pande zote mbili zitadai utambulisho uleule.

Mimi naegemea namba ya biti 64. Tangu Linux 6.10 ya mwaka 2024, statx, wito ambao programu huuliza nao keneli habari za faili, ina uga maalumu wa kuitaja, bila kujificha nyuma ya kifaa cha uongo. Ile ya bandia ibaki kwa ajili ya programu za zamani, ila programu mpya ya nakala isiihifadhi kamwe kwenye kumbukumbu zake.